Kigoda cha Saba na Makande Yaliyoungua

Hapo zamani, katika mji mmoja wa milimani ambako katika kila ua ilianikwa tangawizi na hakuna mtu aliyekohoa zaidi ya siku mbili, palikuwa na chuo cha kutunga nyimbo. Chuo chenyewe kilikuwa nyumba moja tu, jiko nyuma, baraza mbele. Ndani mlikuwa na vigoda saba. Vigoda saba, wanafunzi saba. Ukitaka kuingia, ungoje mmoja atoke.

Na kutoka hawakutoka. Mwalimu wao, Bi Mkunde, alikuwa akipika makande ambayo hayajapikwa tena tangu hapo. Mahindi laini, maharage yaliyopasuka yenyewe, kitunguu kilichokaangwa kwa samli mpaka kikawa chekundu. Mwanafunzi akimaliza mafunzo yote, akiulizwa lini ataondoka, alijibu kwamba kuna jambo dogo bado hajalielewa. Mmoja wao, Mrutu, alikuwa ameota mvi juu ya kigoda. Jambo dogo alikuwa hajalielewa tangu ujana wake.

Bi Mkunde alikuwa na namna yake ya kupima watu. Hakuuliza unatoka ukoo gani wala nani alikufundisha. Anayetaka kuingia alimwimbia asubuhi, wimbo aliotunga mwenyewe, mara moja tu, na Bi Mkunde alisikiliza huku anachambua maharage. Hakusema vizuri, hakusema vibaya. Akimaliza kuchambua, aliingia jikoni akabandika makande, na wanafunzi wote saba wakabandika masikio ukutani.

"Wimbo mzuri," alikuwa akisema, "hukufuata jikoni bila kuitwa."

Makande yakiiva naye hajaimba kitu, mwimbaji alirudi kwao na bakuli la makande ya njiani, asilie sana. Bi Mkunde akijikuta anauimba ule wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, huku anakoroga, mwimbaji amefaulu. Lakini akiimba nusu akanyamaza, hapo ndipo penye kazi. Nusu si ndiyo. Nusu si hapana. Mtu wa nusu aliambiwa maneno mawili tu: ngoja barazani.

Huko barazani kulikuwa na benchi moja lenye mguu mmoja mfupi, na juu ya benchi wakati huo walikuwa wakingoja watu watatu.

Wa kwanza ni Senkondo, kijana mwenye shingo ndefu, ambaye kwa kuanza wimbo hakuwa na mshindani. Akianza, hata jogoo alinyamaza asikilize. Tatizo lake ni kwamba hakujua kumaliza. Aliwahi kuimba kwenye arusi ya binamu yake. Watu wakacheza, wakala, wakaosha vyombo, bibi arusi akaenda zake kwa mumewe, na Senkondo bado anatafuta mahali pa kutua. Bi Mkunde aliuimba mwanzo wa wimbo wake, akaurudia, akaurudia tena, kisha akauacha hewani akaonja chumvi. Nusu.

Wa pili ni Nakiete, mama kijana, na mgongoni mwake mtoto wake Mbonea, mwenye meno mawili na la tatu likiwa njiani. Nakiete alijua kumaliza. Mwisho wa wimbo wake ulikuwa kama mlango unaofungwa taratibu na mtu anayekupenda. Lakini mwanzo wake ulikuwa kama sufuria zinazoporomoka rafuni. Siku ile alipomwimbia Bi Mkunde, kuku walitawanyika, ungo ukapinduka, maharage yakaanza kuchambuliwa upya. Jikoni, Bi Mkunde aliimba ule mwisho peke yake, tena akatabasamu. Nusu.

Wa tatu ni Kajiru, mtu mzima, mnene, mpole, mwenye magoti mapana kama meza. Wimbo wake haukuwa na maneno wala sauti. Ulikuwa mapigo matupu aliyopiga kwa viganja juu ya magoti yake: pu-pa, pu-pa. Bi Mkunde hakuimba kitu, ila mwiko wake uligonga ukingo wa sufuria, pu-pa, pu-pa, mpaka makande yakaiva. Wanafunzi wakabishana jioni nzima kama mwiko ni mdomo. Wakakubaliana kwamba mwiko ni nusu ya mdomo.

Basi wakangoja. Wakangoja tangawizi ikapandwa, wakangoja ikapaliliwa, wakangoja ikavunwa. Na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutorudi mikono mitupu. Senkondo kwao watoto walimpa jina la Bwana Nusu, na hata wazee walianza kumwita hivyo kwa kusahau. Nakiete alikuwa na mama mkwe mwenye haki zake, aliyemwambia waziwazi kwamba akiambiwa ndiyo, mtoto atalelewa, na akiambiwa hapana, arudi shambani. Hiyo nusu yeye hakuijua. Alitoa muda mpaka tangawizi ikauke, na tangawizi sasa ilikuwa inakauka. Kajiru naye alishasema nyumbani kwamba ameingia chuoni tangu siku ya kwanza. Mkewe alifurahi akamshonea mto mwekundu wa kukalia kigodani, wenye marinda, na kila mara alituma salamu kwa kigoda. Kajiru aliukalia mto huo barazani, akiugeuza ili marinda yasionekane.

Kungoja kuliwafanya ndugu. Senkondo alimpisha Nakiete upande wa benchi usiopigwa na jua. Nakiete alimfumia Senkondo kitambaa cha shingo, kirefu kuliko kawaida, kwa sababu shingo ilitaka hivyo. Kajiru alikaa siku zote upande wa mguu mfupi, akaukandamiza chini kwa uzito wake, benchi lisiwayumbishe wenzake. Hakuwahi kusema kwamba anafanya hivyo. Walidhani anapenda tu upande ule.

Sheria ya baraza ilikuwa moja. Anayengoja haimbi. Haimbi, hapigi mluzi, haguni kwa mpangilio. Kwa sababu kutoka barazani hadi jikoni ni dirisha moja tu, na mtu angeweza kumpenyezea mpishi wimbo kidogo kidogo kila siku mpaka umwingie kwa mazoea. Huo ulihesabiwa ni wizi. Aliyeimba barazani alipoteza benchi, alipoteza kigoda, alipoteza na makande.

Kwa hiyo Nakiete alipotaka kumlaza Mbonea, alimbeba mpaka ng'ambo ya kijito, akamwimbia huko, kisha akarudi naye amelala. Mtoto yule alikuwa akilala ng'ambo na kuamka barazani, na hakuna siku aliyouliza amefikaje.

Ikatokea siku Mrutu akaweka kijiko chini na kusema kwamba lile jambo dogo sasa amelielewa. Ukweli ni kwamba alikuwa ameng'oka jino lake la mwisho la kutafunia mahindi. Akaaga wenzake, akafunga mzigo wake, akasema ataondoka akishakula chakula cha mchana, maana hata asiye na meno huweza kunywa mchuzi.

Bi Mkunde akatoka barazani akiwa ameshika ungo. Akawaambia wale watatu kwamba kigoda cha saba kitakuwa wazi leo. Makande yakiiva atawasikiliza upya, mmoja mmoja, na kabla jua halijazama mmoja wao ataingia. "Mpaka hapo," akasema, "nisisikie hata kikohozi chenye mahadhi."

Akaingia jikoni. Watatu wakatazamana. Kajiru akaupiga piga mto wake kuutoa vumbi.

Mvua ikaanza.

Haikuwa mvua ya kuchezea. Kijito kikajaa, ng'ambo haikuonekana tena. Na jino la tatu la Mbonea likachagua saa ile ile kutokeza.

Mbonea akalia. Kilio chake kilipanda ngazi moja, kikapanda ya pili, kikapanda ya tatu, kisha kikashuka moja na kukaa pale kikitetemeka. Aa, aa, aaa, a. Nakiete akampa titi, akalikataa. Akampa kijiko akitafune, akakitupa. Akamfanyia uso wa paka, uso wa bundi, uso wa mama mkwe. Mbonea akaziangalia nyuso zote tatu kwa makini, akaendelea alipoishia. Na Nakiete, ambaye angemtuliza kwa mistari miwili ya wimbo, alikaa amebana midomo kama mtu aliyemeza maji ya moto.

Kajiru akanyoosha mikono. Akampokea mtoto, akamweka juu ya yale magoti mapana, akaanza kumpembeza. Sasa, Kajiru alipopembea, ule mguu mfupi wa benchi ukainuka na kushuka. Kwi-kwaa, kwi-kwaa, kwi-kwaa. Kajiru akaangalia dirisha la jikoni kwa hofu, kisha akajituliza. Kinacholia ni benchi, na benchi halijaomba kuingia chuoni.

Mtoto akapunguza sauti, lakini kunyamaza hakunyamaza. Aa, aa, aaa, a.

Senkondo alimtazama mtoto, akamtazama na mama yake, akaona machozi ya Nakiete yanadondoka kimya kwenye kanga. Akaugeukia mlango wa chuo, ambao ulikuwa hatua chache tu kutoka pale. Akashusha pumzi. Kisha akainamisha ile shingo ndefu mpaka kwenye sikio la mtoto, akakichukua kilio kile kile, ngazi tatu juu na moja chini, akakigeuza taratibu kikawa wimbo.

"Senkondo, ndugu yangu," Kajiru akanong'ona, "utafukuzwa."

"Nanong'ona tu, kaka. Ila nanong'ona kwa kupanda na kushuka."

Ulikuwa mwanzo mzuri kuliko mianzo yake yote. Mbonea akatoa macho, akalegea. Kope zikashuka. Senkondo akafika mwisho wa mwanzo, akatafuta pa kwenda, hakupaona, akarudi mwanzo. Mbonea akafumbua macho. Kope zikashuka tena. Senkondo akarudi tena mwanzo. Mbonea akafumbua macho tena, na safari hii mdomo wake ukaanza kukunjamana.

"Maliza," Kajiru akanong'ona. "Tafadhali, maliza."

"Ningejua kumaliza, ningekuwa hapa?"

Ndipo Nakiete akafungua kinywa. Alijua fika anachofanya. Tangawizi ilikuwa inakauka kwao, mama mkwe anaigeuza ungoni, na yeye akafungua kinywa. Senkondo alipofika pale anapokwama kila mara, Nakiete akaupokea ule wimbo, akauteremsha polepole, ngazi kwa ngazi, kama kuku anayeingia bandani mwenyewe magharibi, akaufunga.

Mbonea akalala.

Mvua tu. Watatu hawakuthubutu hata kutazamana.

Kisha kutoka jikoni ikasikika sauti ya Bi Mkunde. Ngazi tatu juu, moja chini. Ikaendelea, ikapanda, ikafika mahali pa kukwama, haikukwama, ikateremka, ikafunga. Mzima. Akauanza tena. Mwiko ukaingia: kwi-kwaa, kwi-kwaa, kwenye ukingo wa sufuria. Akauanza tena. Wanafunzi saba waliobandika masikio ukutani wakausikia, nao wakaudaka. Vigoda vikaanza kugongwa sakafuni. Bi Mkunde akazungusha kiuno kidogo, kwa siri. Akazungusha tena, si kwa siri.

Aliyenusa kwanza ni Mrutu. Akasimama na mzigo wake begani, uso umemshuka. Makande ya Bi Mkunde, ambayo hayakuwahi kuungua tangu chuo kijengwe, yalikuwa yanaungua siku yake ya kuondoka.

Bi Mkunde akatokea barazani, mwiko unafuka moshi mkononi, wanafunzi nyuma yake.

"Nani kaniingizia wimbo jikoni?"

Senkondo akasema ni yeye. Nakiete akasema hapana, ni yeye. Kajiru, ambaye hakuwa ameimba, aliona vibaya wenzake wafukuzwe yeye akibaki amekaa mkao wa raha, akasema benchi lilikuwa ni yeye. Walisukumana hivyo kwa muda, kila mmoja akiligombania kosa, mpaka Bi Mkunde akainua mwiko wakanyamaza.

"Sheria ya baraza inasema aliyeimba aende kwao," akasema. "Sheria ya jiko inasema wimbo nikiuimba mzima, mwenye nao aingie. Nimezitunga mwenyewe zote mbili, na sikuwahi kufikiri zitakutana njiani. Wimbo nimeuimba mzima. Nimeuimba mpaka nimeunguza. Lakini kigoda ni kimoja, wanangu, na kigoda kimoja hakikaliwi na makalio matatu. Basi kila mtu aseme haki yake, na mtu asinidanganye kwa adabu."

Ikawa zamu ya Senkondo. Alivuta kile kitambaa cha shingoni akasema:

"Mwalimu, kilio kipo kila nyumba yenye mtoto. Watu hukisikia wakaziba masikio. Mimi nilikisikia nikatoa wimbo ndani yake. Na mimi ndiye niliyevunja sheria kwanza, nikiuona mlango ule kwa macho yangu. Wa pili kuvunja aliikuta imeshavunjwa. Na kama nisingeanza, Mama Mbonea angemaliza nini?"

Wanafunzi wakaguna. Wengine wakasema kigoda ni cha Senkondo.

Nakiete akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo:

"Senkondo alimhurumia mwanangu, na hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini. Lakini tungemwacha peke yake, mvua ingekatika, usiku ungeingia, yeye bado anaanza. Mianzo yake umeijua siku nyingi, Mwalimu, na siku zote uliiacha hewani ukaonja chumvi. Leo hukuonja chumvi. Leo umefika mwisho, kwa sababu leo mwisho ulikuwepo. Wimbo ambao haujafungwa ni nusu, na nusu hukaa barazani."

Wanafunzi wakaguna tena. Wengine wakahama kutoka upande wa Senkondo wakaja upande wa Nakiete, wakagongana vichwa na waliokuwa wanahamia kwingine.

Kajiru hakusimama, kwa sababu mtoto alikuwa bado amelala magotini pake. Alisema kwa kunong'ona, na wenzake na wanafunzi wote wakainama kumsikia.

"Mimi sikuimba. Sheria inasema anayengoja haimbi, na kati yetu mimi peke yangu nimeitii. Nilimpembeza mtoto wa mwenzangu. Kama kumpembeza mtoto ni wizi, basi nimeiba. Na sasa uulize mwiko wako, Mwalimu. Ulikuwa unamfuata nani? Makande hayakuungua kwa sababu uliimba. Umeimba jikoni miaka yote, yakaiva salama. Yameungua kwa sababu ulicheza. Na ulichezea magoti yangu."

Bi Mkunde aliutazama mwiko. Hakukataa kwamba alicheza.

Walikuwa karibu kumkubalia Kajiru, pale Mrutu alipotua mzigo wake chini. Alikuwa na uchungu wa makande, na mwenye uchungu husema bila kupima.

"Mnagombea nini?" akasema. "Ngazi tatu juu, moja chini, ni za nani? Si za Senkondo, kazichukua. Si za Nakiete, kazipokea. Si za Kajiru, kazipembeza. Mwenye wimbo ni huyo hapo, amelala. Tena yeye sheria haikumfunga, maana hakuna aliyemwambia ngoja barazani. Kigoda ni changu mpaka nitoke mlangoni, na mimi nampa mtoto."

"Hata kukaa hajajua vizuri," Senkondo akasema.

"Mimi pia sikujua kitu nilipoingia."

"Akiingia mtoto," mwanafunzi mmoja akasema kutoka nyuma, "si itabidi mama yake aingie amshike? Hapo wameingia wawili kwa kigoda kimoja."

Nakiete akainamisha macho. Hilo alikuwa hajalifikiria, au pengine alilifikiria akaona haya.

Wakabishana. Aliye upande wa mwanzo alisema bila mwanzo hakuna wimbo. Aliye upande wa mwisho alisema bila mwisho hakuna wimbo. Aliye upande wa magoti alisema bila mapigo hakuna kucheza. Aliye upande wa mtoto alisema shh, mtaamsha mtoto.

Bi Mkunde akachoka kuwasikiliza. Akaingia ndani, akarudi amebeba kigoda cha saba, akakiweka kizingitini, nusu ndani, nusu nje.

"Mimi naenda kukwangua ukoko," akasema. "Nikimaliza kukwangua, nimkute mtu ameketi. Atakayekuwa ameketi, ndiye. Wengine watarudi kwao na makande ya njiani, ingawa leo yana moshi."

Akaenda. Sauti ya kukwangua ikaanza: kwaru, kwaru, kwaru.

Wale watatu wakakitazama kigoda. Matone ya mvua yalikuwa yamekilowesha upande mmoja. Senkondo akavua kile kitambaa kirefu, akakifuta kigoda mpaka kikakauka. Hakuketi. Kajiru akauvuta mto wake mwekundu, marinda yote yakaonekana, akauweka juu ya kigoda, akaunyoosha vizuri. Hakuketi. Nakiete akamchukua Mbonea kutoka magotini pa Kajiru ili Kajiru aweze kusimama akitaka. Naye hakuketi.

Kwaru, kwaru. Ukoko unakaribia kwisha. Sauti ya sufuria imeanza kuwa ya sufuria tupu. Mvua imepungua, na huko ng'ambo ya kijito anaonekana mama mkwe anakuja, ameshikilia mwavuli wa jani la mgomba, kuulizia ile nusu. Na Mbonea, kwa ajili ya lile jino lake, ameanza tena kukunja uso.

Haya, nyinyi mlioketi hapa mnasikiliza. Yupo aliyetoa sauti bila kujua, yupo aliyeanza, yupo aliyepembeza, yupo aliyemaliza. Kigoda ni kimoja, kimefutwa, kimewekewa mto, na Bi Mkunde anasuuza mwiko. Je, nani aketi?